Alfred Shrubb, Bingwa wa Kwanza wa Mbio za Nyika

  Miguu yangu inalalamika kidogo, na sababu yake mtaijua mkiendelea kusoma.

Kama ilivyo desturi ya jarida letu, kila mwaka huwa tunaandika maisha ya watu mashuhuri walioaga dunia zamani. Mhariri alipopita madarasani na daftari lake, wenzangu walikimbilia kina Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na Harry Thuku. Zamu yangu ilipofika nikataja Alfred Shrubb. Darasa zima likaangua kicheko. Wengine walidhani nimetaja aina ya sharubati! Mhariri akaniuliza mara mbili kama sina mtu mwingine. Nikashikilia huyo huyo.

Nilimjua mtu huyu kwa bahati tu. Kwenye kabati la maktaba yetu mna kitabu kikuukuu cha riadha, hakina jalada na panya wameshaonja pembe zake. Nilikifungua mwezi wa Machi, siku chache baada ya aibu iliyonipata, ambayo wengi wenu mliishuhudia kwa macho yenu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso tu. Nikakutana na picha ya kijana mwembamba, mfupi, mwenye masharubu, na chini yake jina lake. Nilichokisoma hapo kilinifanya niende sayba pale Thika mjini Jumamosi mbili mfululizo kutafuta zaidi.

Basi tuanze mwanzo. Alfred Shrubb alizaliwa tarehe 12 Desemba 1879 katika kijiji cha Slinfold, karibu na mji wa Horsham, kusini mwa Uingereza. Mwanafunzi wa Kenya hana haja ya kuikariri tarehe hiyo kwa maana ndiyo Sikukuu yetu ya Jamhuri. Bendera yetu ilipopandishwa 12 Desemba 1963, mzee Shrubb, huko ng'ambo alikokuwa, alikuwa akitimiza miaka 84 siku iyo hiyo. Bila shaka yeye mwenyewe hakujua, lakini mimi nilifurahi sana nilipogundua jambo hilo.

Hakuwa mwana wa tajiri. Ujanani alikuwa kibarua wa mambo ya ujenzi, mtu wa kuamka alfajiri na kurudi nyumbani na vumbi kichwani. Sisi wa Gatuanyaga kazi ya namna hiyo hatuhitaji kuelezwa. Upande wetu wa Munyu machimbo ya mawe ndiyo yanayowalisha watu wengi, baba yangu akiwa mmoja wao. Anatoka gizani na nyundo na mtaimbo, anarudi gizani, na mkono wake ukiushika unadhani umeshika gome la mti. Kwa hivyo niliposoma kwamba bingwa huyu alianzia kwenye matofali na mchanga, nikavuta kiti karibu.

Jinsi mbio zake zilivyogunduliwa ni kisa cha ajabu. Inasimuliwa kwamba siku moja, yapata mwaka wa 1898, moto ulizuka mbali kidogo na kwao. Gari la zimamoto likapita likivutwa na farasi, kengele zikilia. Wakati huo hakukuwa na magari ya injini vijijini. Shrubb akatupa macho, akaona wekundu wa moto kule mbali, akachomoka mguu niponye kulifuata gari. Alikuwa na nguo zake za kazi na buti nzito miguuni. Maili tatu nzima, yaani karibu kilomita tano, alikwenda nalo sambamba, na moto ulipofikiwa naye alikuwa pale pale. Kumbe palikuwa na mtu wa klabu ya wakimbiaji ya Horsham, iliyoitwa Blue Star Harriers, na akamwona. Mimi nina shaka kidogo na hadithi hii, kwa sababu visa vya mabingwa huongezwa chumvi kila vinaposimuliwa. Lakini farasi wale walikuwa wakivuta mzigo mzito, na mwenye kumjua Shrubb wa baadaye hawezi kuikataa moja kwa moja. Lililo hakika ni kwamba alijiunga na klabu hiyo, na baada ya hapo akahamia South London Harriers. Mambo yakageuka.

Kuanzia 1901 hadi 1904 hapakuwa na wa kumsogelea nchini mwake. Mbio za nyika za taifa alizishinda miaka yote minne mfululizo. Mbio za uwanjani za maili nne, vile vile miaka minne. Maili kumi, miaka minne. Na kama hiyo haikutosha, maili moja nayo akaichukua mwaka wa 1903 na 1904. Hebu fikiria, ni kama mtu wa mita 1,500 awe ndiye yule yule wa kilomita 16! Mara nyingi alifanya mazoezi mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, wakati ambapo wakimbiaji wengi walidhani mazoezi mengi humchosha mtu bure. Alikuwa mdogo wa umbo hata wakampa jina la utani lenye maana ya kijimuujiza.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nimwite bingwa wa kwanza. Tarehe 28 Machi 1903, katika uwanja wa mashindano ya farasi wa Hamilton Park, nchini Scotland, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya kimataifa ya mbio za nyika. Neno hilo kimataifa lisikutishe. Nchi zilikuwa nne tu, nazo ni majirani wa mlango kwa mlango: England, Scotland, Ireland na Wales. Ni kama Kiambu, Murang'a, Machakos na Nairobi tukutane halafu tujiite dunia! Lakini kila kitu kina chanzo, na mto Athi unaonguruma pale Fourteen Falls nao huko juu unakotoka ni vijito tu.

Mbio zenyewe zilikuwa kama maili nane, yaani karibu kilomita 13, juu ya nyasi na matope. Anayedhani mbio za nyika ni mbio za uwanjani zilizopelekwa shambani hajawahi kuzikimbia. Uwanjani unajua kila hatua itatua wapi. Nyikani kuna mtaro, kuna tope linalovua kiatu, kuna mlima unaokungoja ukiwa umeishiwa na pumzi. Tena si mbio za mtu mmoja. Kila nchi ilileta kikosi, na sita wa kwanza wa kila kikosi ndio waliohesabiwa. Aliyetokea wa kwanza anapata pointi moja, wa pili mbili, wa ishirini anapata ishirini, kisha zinajumlishwa. Kikosi chenye pointi chache ndicho mshindi. Hesabu hiyo ni rahisi lakini ni katili. Unaweza kuwa na mshindi wa mbio na bado mkashindwa kwa sababu ya mwenzenu mmoja aliyekokota miguu huko nyuma. Nawaomba mkumbuke hesabu hiyo maana nitairudia.

Shrubb alishinda siku hiyo na kikosi chake cha England kikashinda pia. Mwaka uliofuata, 1904, walikutana tena katika uwanja mwingine wa farasi, Haydock Park huko England. Akashinda tena, na kikosi chake tena. Huyu jamaa hakuwa na mchezo.

Mashindano hayo hayakufa. Ufaransa ilijiunga 1907, na Mfaransa Jean Bouin akaja kuyatwaa mara tatu mfululizo, 1911 hadi 1913, kabla ya kuuawa vitani mwaka wa 1914. Nchi nyingine zikaongezeka polepole. Mnamo 1973 yakachukuliwa na shirikisho la riadha la dunia na kuwa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, na hapo sasa msomaji unaanza kusikia majina ya nyumbani. John Ngugi aliyashinda mara tano, Paul Tergat mara tano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999. Kikosi cha wanaume cha Kenya kilishinda kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, miaka 18 bila kupumua. Na tarehe 24 Machi 2007 mashindano yenyewe yakaja kwetu Mombasa, kwenye joto lililomfanya hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia aachie njiani. Guka wangu aliyatazama kwenye televisheni ya hoteli moja hapa kijijini, na hadi leo akisimulia utadhani yeye ndiye aliyewapa watu maji. Kwa hivyo wale walionicheka kwa kuchagua Mzungu wa Slinfold wajue kwamba njia ambayo kina Tergat walipita, huyu alikuwa wa kwanza kuikanyaga.

Baada ya kushinda Haydock Park, Shrubb aliendelea kuvunja rekodi mwaka mzima. Mwezi wa Mei 1904 alikimbia maili tano kwa dakika 24 na sekunde 33.4. Tafadhali iwekeni namba hiyo akilini. Kisha ikaja tarehe 5 Novemba 1904, katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow. Alikimbia saa moja kamili, akapita rekodi moja baada ya nyingine njiani kama mtu anayechuma mahindi. Kilomita kumi alizimaliza kwa dakika 31 na sekunde 2.4. Maili kumi, dakika 50 na sekunde 40.6. Saa ilipotimia alikuwa amekwenda mita 18,742. Nikagawanya kwa mita 400, nikapata karibu mizunguko 47. Jaribuni kukimbia mizunguko kumi tu ya uwanja wetu kabla ya kengele ya asubuhi halafu mniambie.

Najua kuna watakaosema kwamba siku hizi dakika 31 si kitu, maana Yobes Ondieki wetu alishuka chini ya dakika 27 tangu mwaka wa 1993. Ni kweli. Lakini Shrubb hakuwa na viatu vya sasa, wala uwanja wa mpira laini. Ile rekodi yake ya maili kumi ilikaa karibu miaka 24, hadi Paavo Nurmi wa Finland alipoivunja mwaka wa 1928. Mgala muue na haki yake umpe.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka huo huo wa 1904 kulikuwa na Olimpiki kule St. Louis, Marekani. Ilikuwa mbali, na hakuna kikosi kilichopelekwa kutoka Uingereza. Shrubb akakaa nyumbani akiwa katika kilele cha nguvu zake. Angengoja michezo mingine. Mapema 1905 alisafiri hadi Australia na New Zealand, akakimbia huko na watu wakajaa viwanjani kumwona. Aliporudi, chama cha riadha cha England kilimfungia. Kosa lake lilikuwa kupokea pesa. Hakupigwa faini, wala hakupewa onyo la mwaka mmoja. Aliondolewa kabisa katika mashindano ya ridhaa.

Wanachama wa Kiswahili, tulitazame neno hilo ridhaa. Mwanariadha wa ridhaa ni yule anayekimbia kwa kuridhika tu, halipwi. Neno ni zuri na linapendeza masikioni. Lakini nilipomwelezea Guka maana yake tukiwa tunakamua mbuzi jioni, alicheka hadi maziwa yakamwagika. Alitaka kujua, huyo asiyelipwa akienda kukimbia, nyumbani kwake anakula nini. Kibarua akikosa kazi siku moja anakosa mshahara wa siku moja. Mwenye shamba kubwa akienda kucheza, shamba linaendelea kumzalia. Basi sheria ni moja lakini haiwakuti mahali pamoja. Guka hakuvuka darasa la nne, lakini hapo naona aliwapita waliotunga sheria. Tena nimesoma kwamba kabla ya chama hicho kuundwa mwaka wa 1880, fundi na kibarua walikuwa wakizuiwa katika mashindano mengi ya ridhaa kwa sababu ya kazi zao tu, hata kama hawajapokea senti. Mlango huo ulifunguliwa, mtoto Shrubb akiwa na miezi michache. Ule wa pesa ukabaki umefungwa, na ndio uliombana.

Sasa wenzangu, wacha niseme la kwangu, maana nimeahidi.

Mnakumbuka mbio za nyika za mwezi wa Februari. Tulikuwa sita, na wote mlitarajia nitokee katika kumi wa kwanza kwa kuwa mwaka uliotangulia nilikuwa wa saba. Nikatokea wa 43. Pointi zetu zilipojumlishwa tulikosa nafasi ya kwenda kaunti kwa pointi tisa. Wengine walisema nilishiba githeri. Mwalimu wetu wa michezo alidhani naumwa na malaria, akanipa nauli ya kwenda zahanati, Mungu ambariki. Mimi nikanyamaza.

Ukweli ni huu. Mbio hizo zilikuwa Jumanne. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimekimbia kilomita kumi za barabarani huko upande wa Thika, zilizokuwa na zawadi ya pesa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa wa pili nikapata shilingi 2,000. Ninyi wa kutwa mnajua pesa za chakula cha mchana zinavyodaiwa. Nilikuwa na deni la 1,800 na nilikuwa nimerudishwa nyumbani mara mbili. Mwezi huo kwenye machimbo mawe hayakuwa yakinunuliwa, na baba alikuwa akikaa kimya jioni, kimya kile ambacho mtoto huelewa bila kuelezwa. Nikalipa deni Jumatatu asubuhi, nikabaki na 200, nikamnunulia mama sukari na majani. Jumanne miguu ikakataa.

Nilipomsoma Shrubb mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata wakili. Nikasema, tazama, hata bingwa wa dunia alifungiwa kwa sababu ya pesa, kwa hivyo mimi sina kosa. Nikawa nalala vizuri. Lakini niliporudia kusoma nikaona palipo na tofauti. Shrubb alichukua pesa, sawa. Ila pale Hamilton na pale Haydock, wenzake walipomtegemea, alitokea wa kwanza. Sijaona popote kwamba aliwauza wenzake kwa kuja amechoka. Mimi pesa sizijutii, na nikirudi siku ile nadhani nitakimbia tena Jumapili. Nilichokosea ni kunyamaza. Ningalimwambia mwalimu Jumatatu, angaliweka mwingine mahali pangu, na yule kijana wa kidato cha pili aliyeachwa nje alikuwa na miguu mibichi. Hata kama angalitokea wa 30 tungalipita. Wale wenzangu watano hawakukimbia vibaya. Niliwaangusha mimi.

Turudi kwa Shrubb. Mwaka wa 1908 Olimpiki ilikuja London, nyumbani kwao kabisa, umbali ambao angeweza hata kwenda kwa miguu akitaka. Kulikuwa na mbio za maili tano. Mwingereza mwenzake Emil Voigt akashinda na kupata dhahabu kwa dakika 25 na sekunde 11.2. Ile namba niliyowaomba mwiweke akilini sasa itoeni. Shrubb alikuwa ameshakimbia umbali huo kwa sekunde karibu 38 chini ya hapo. Simaanishi Voigt hakustahili, maana mtu humshinda aliyesimama naye kwenye mstari. Ninasema tu kwamba mwenye rekodi hakuruhusiwa kusimama kwenye mstari. Mwaka huo huo alitoa kitabu kuhusu mbio na mazoezi ya mbio za nyika, kwa hivyo kama hakukimbia, alifundisha.

Kwa vile walimwita mtu wa pesa, akawa mtu wa pesa kweli. Alikwenda Marekani na Canada, akakimbia kwa malipo. Alishindana na vikosi vya watu wa kupokezana, yeye peke yake dhidi ya wengi, na alishindana pia na farasi. Naona hapo alirudia mchezo wake wa zamani wa gari la zimamoto, ila safari hii watu walilipa kiingilio.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Tom Longboat, mwenyeji wa asili wa Canada, wa kabila la Onondaga, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Boston mwaka wa 1907. Tarehe 5 Februari 1909 walikutana ndani ya jumba la Madison Square Garden, New York, kukimbia umbali kamili wa marathoni. Wawili tu, wakizunguka na kuzunguka, jumba limejaa pomoni. Shrubb aliondoka kwa kasi yake ya kawaida, akamwacha Longboat mizunguko mingi nyuma. Ungekuwepo ungesema mambo yamekwisha. Longboat hakubabaika. Akaendelea na mwendo wake ule ule kama maji ya mfereji. Walipoikaribia maili ya 24 miguu ya Shrubb ikaanza kulegea, akaanza kutembea, akayumba, mwisho akatoka njiani. Longboat akapita na kumaliza peke yake. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Ile hali ya kuona wengine wakikupita na mwili haukusikii, ndiyo niliyoikuta Jumanne yangu kwenye ule mlima wa mwisho.

Lakini hawakuishia hapo. Walikutana mara kumi kwa jumla. Mbio zote za maili 20 na kuendelea alishinda Longboat, na zote fupi kuliko hizo alishinda Shrubb. Hivyo ukiniuliza nani alikuwa mkali zaidi, nitakuuliza kwanza mbio ni maili ngapi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Shrubb akaajiriwa kuwa kocha wa wakimbiaji wa Chuo Kikuu cha Oxford. Jambo hili lilinichekesha kidogo. Chama kilichomfungia kiliundwa katika mji uo huo wa Oxford. Sasa yule aliyekatazwa kukimbia na waungwana ndiye aliyelipwa kuwafundisha watoto wa waungwana jinsi ya kukimbia!

Mwaka wa 1928 alihamia Canada, katika mji mdogo wa Bowmanville jimboni Ontario, akawa na shughuli za kinu cha kusaga nafaka. Hapo aliishi maisha ya kawaida ya mzee wa mjini. Alifariki tarehe 23 Aprili 1964 akiwa na miaka 84. Miezi sita baadaye, Oktoba 1964, Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800 kule Tokyo, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Watu wawili hawa hawakujuana, lakini mimi katika daftari langu nimewaandika kwenye ukurasa mmoja.

Siku hizi mshindi wa mbio za nyika za dunia hupewa dola 30,000 za Marekani, hadharani, mbele ya kamera, na hakuna anayefungiwa kwa kuzipokea. Sheria zile zilianza kulegezwa miaka ya 1980, Shrubb akiwa kaburini miaka mingi.

Kitabu kile kisicho na jalada nimekirudisha kabatini, rafu ya chini upande wa kushoto, anayekitaka akitafute hapo. Wenzangu watano nimeshazungumza nao mmoja mmoja kabla makala haya hayajachapishwa. Wanne walisema yameisha, wa tano bado hajanijibu, na simlaumu. Mwalimu wetu wa michezo atajua leo akisoma hapa, na ile nauli ya zahanati ninayo, nitamrudishia. Mbio za Februari ijayo naomba jina langu liandikwe tena, kama atakubali. Pesa za chakula za muhula wa kwanza Guka ameanza kuziweka kidogo kidogo ndani ya mkebe wa Kimbo, na jana jioni tulipozihesabu zilikuwa shilingi 640.